Rekodi kwa kompyuta, piga kwa valvu

Nianze na msimamo wangu, anayetaka kununa anune mapema. Kwenye kurekodi, dijitali imeshinda, tena ilishinda zamani. Kwenye kupiga gitaa la umeme, amplifaya ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka na kukuza sauti, bado sijaona wa kuing'oa. Wengi ninaobishana nao huyachukulia haya mawili kuwa jambo moja: ama wewe ni wa analojia, unasujudia tepu, santuri na kila chenye vumbi, ama ni wa dijitali, na kila kilichotengenezwa kabla hujazaliwa ni chuma chakavu. Mimi mwisho wa wiki napiga solo kwenye bendi ya dansi, na siku za kazi nashinda kwenye kichumba changu Ilala, natengeneza amplifaya na kuhamisha rili za watu, yaani tepu za zamani za gurudumu, kuziingiza kwenye kompyuta. Kambi zote mbili ni wateja wangu, sina sababu ya kumpendelea mtu.

Hoja inayonichosha kuliko zote ni hii: "Sikiliza nyimbo za RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, za miaka ya sabini, ile ndiyo sauti ya analojia, siku hizi haipo."

Ndugu yangu, hiyo sauti uliisikilizia wapi? Kama umri wetu unakaribiana, uliisikilizia kwenye redio ya National ya baba, masafa ya kati, betri zimeanza kuchoka na mtu amekwenda kuzianika juani. Masafa ya kati kwetu vituo vimepangwa kwa nafasi ya kilohezi 9 (mitetemo elfu tisa kwa sekunde), maana yake sauti inayokufikia inaishia kwenye kilohezi 4 na nusu hivi. Sahani za drams zilikuwa zinakatwa kabla hazijatoka Dar es Salaam. Halafu kaka yako akaurekodi ule wimbo kwenye kaseti, akaiazimisha kwa jirani, jirani akatoa kopi, na kopi ya kopi ndiyo uliyoondoka nayo kwenda bweni. Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81 na unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde, na upana huo umegawanywa njia nne, mbili kwa kila upande. Tepu ya studio ina milimita 6.35 na inakimbia sentimita 19 au 38 kwa sekunde. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Unachokililia wewe ni redio ya baba, na sikulaumu, lakini usiniambie ndivyo analojia inavyosikika.

Kuna jambo moja kuhusu ile redio ambalo nilichelewa kulitambua, na tangu nilitambue haliniachi. Spika ya gitaa ya inchi 12, iwe ya Uingereza au ya Marekani, nayo huporomoka ikishapita kilohezi 5. Haijatengenezwa kutoa sauti kali za juu. Kwa hiyo kwenye bendi nzima, chombo kilichofika kijijini kikiwa karibu kizima ni gitaa. Besi ilipotea kwenye spika ndogo, sahani zilipotea hewani, tarumbeta zilipunguzwa makali, ila solo na ridhimu zilipita mlangoni bila kuinama. Mtu aliyekulia Sumbawanga au Newala akikwambia muziki wa dansi ni magitaa, ana haki. Hayo ndiyo aliyoletewa.

Sasa nije kwenye rili zenyewe. Miaka ile Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, santuri zilichapwa Nairobi, na mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ulipofungwa hata njia hiyo ikawa taabu. Ndiyo maana NUTA Jazz, Western Jazz, Mlimani Park, Maquis, Vijana Jazz na wenzao tunawajua zaidi kwa kupitia RTD. Bendi iliingia studio nzima nzima, ikapanga vyombo, ikapiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mmoja akikosea, wote mnarudi mwanzo. Hakukuwa na habari ya kuja kesho kuingiza sauti yako peke yako.

Mzee mmoja, mpiga besi wa zamani ambaye sitamtaja, aliniletea rili yake imefungwa kwenye gazeti ndani ya kopo la biskuti. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaketi kwenye kiti changu. "Fundi, hii watu wananiambia imeshaharibika. Wewe unaionaje?"

Nilivuta kama kiganja kimoja cha utepe nikaunusa. Tepu nyingi za miaka ya 70 na 80 gundi yake ni ya aina inayonyonya unyevu, na Dar es Salaam unyevu hatuombi. Ukiipitisha kwenye mashine hivyo hivyo inalia, inatoa mlio mwembamba wa kuudhi, na baada ya dakika moja kichwa cha kusomea kinakuwa na tope la kahawia. Lile tope ndilo muziki wenyewe: ni chembe za oksidi ya chuma zilizobeba sumaku ya kila noti, na zikishabaki kwenye kichwa cha mashine hazirudi kwenye utepe. Kwa hiyo sikuicheza. Niliiweka kwenye mashine ya kukaushia matunda, nyuzi 50 na kidogo, kwa muda wa saa nane, nikaigeuza katikati. Mzee alidhani ninamtania. Kesho yake ikapita bila kulia hata mara moja.

Kilichobaki ni bisibisi. Kwenye kichwa cha kusomea kuna skrubu ndogo ya kunyoosha pembe, na kila tepu inataka pembe ya mashine iliyoirekodi. Unazungusha nywele moja kushoto, nywele moja kulia, umevaa hedifoni, mpaka sauti za juu zifunguke. Zikifunguka unajua mwenyewe, huhitaji kipimo. Nilisikia pumzi ya mpiga saksafoni kabla ya noti. Nilisikia vifuniko vya saksafoni vikigonga. Tumba ilikuwa na ngozi na ilikuwa na kiganja juu yake. Mbali kidogo, karibu na mwisho, kuna mtu anakohoa.

Nikairekodi kwenye kompyuta kwa biti 24 na kilohezi 96, ambayo kwa stereo inakula gigabaiti 2 hivi kwa saa moja. Halafu nikaziweka mbili pamoja, tepu na kopi yake, sauti zimelingana kabisa, nikawa nabonyeza kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Mzee amefumba macho.

"Hii ni tepu?"

"Hapana mzee, hii kompyuta."

"Na hii?"

"Hii nayo kompyuta, sijahama bado."

Akacheka, akaniambia niache michezo. Hakuweza kutofautisha, na mimi nikifumba macho siwezi. Hapo ndipo hoja ya utamu wa analojia inaponiponyoka mkononi. Kama utamu ungekuwa kwenye analojia, ungekufa pale nilipoubadilisha kuwa namba. Haukufa. Mzee alikuwa ananionesha kwa kidole kwenye ukuta wangu wa Ilala: hapa alisimama mwimbaji, hapa tarumbeta, mimi nilikuwa huku nyuma na besi, sikia inavyoingia kwenye maiki ya mwimbaji. Utamu ulikuwa mle chumbani. Watu wengi kwenye chumba kimoja, wanatazamana, maiki chache, sauti ya mmoja inamwagikia kwenye maiki ya mwingine, na woga wa kuwa mwenzako wa kumi akikosea mtaanza upya.

Kuna wanaoamini kuwa dijitali inakata muziki vipande vipande, na kati ya kipande na kipande kuna shimo. Wanachora ngazi. Ile picha ya ngazi imeharibu vichwa vingi. CD inachukua vipimo 44,100 kwa sekunde, na hesabu ambayo mwanahisabati Claude Shannon aliiandika mwaka 1949 inaonesha kwamba ukishachukua vipimo zaidi ya mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa unaoutaka, wimbi unalolirudisha ndilo lile lile, limenyooka, halina ngazi. Sikio la kijana linafika hezi 20,000. La kwangu mimi, baada ya miaka ya kusimama mbele ya sahani za drams, tusiongelee. Ukija kwenye mvumo wa chini chini, ule "shhhh", tepu nzuri ya studio bila mfumo wa kupunguza mvumo inakupa desibeli 60 hadi 70 kati ya mvumo na sauti kubwa kabisa. CD inakupa 96. Kinasa sauti kizuri ni kama glasi safi: usionje glasi, onja maji.

Wapenzi wa tepu wana hoja moja ya kweli. Tepu ukiisukuma kwa sauti kubwa haikatai kwa ghafla. Chembe zake zinashiba taratibu, vilele vya drams vinabonyea kidogo, mambo yanashikana. Dijitali haina adabu hiyo: ikifika sifuri, yaani kikomo cha juu cha mita yake, imefika, kilichozidi kinakatwa bapa, na unasikia mpasuko. Mafundi waliozoea kusukuma sindano ya mita hadi kwenye nyekundu waliteseka sana walipohamia kompyuta. Dawa ni kurekodi chini, na kwa biti 24 nafasi ipo tele, lakini vijana bado wanarekodi kwa kugonga dari, halafu wanalaumu kompyuta.

Prodyuza mmoja kijana, anajua kazi yake na ananiheshimu, aliniita nisikilize kazi mpya. "Mzee, nimeweka plagini ya tepu kwenye kila njia, nataka ladha ya zamani." Plagini ni kijiprogramu cha ndani ya kompyuta, hiki kinaigiza tepu. Nikasikiliza. Mdundo umetengenezwa na yeye peke yake, kigoma kile kile kimenakiliwa kutoka mwanzo hadi mwisho, gitaa ni kipande cha sekunde nne kinachojirudia. Nikamwambia, mwanangu, hapa ndani hakuna mtu. Plagini itakuletea ule "shhhh", haitakuletea mpiga tumba. Hakufurahi, ila wiki iliyofuata alimwita mpiga tumba.

Na dijitali nayo inasingiziwa, maana kinachoitwa "sauti ya dijitali" mtaani ni MP3 iliyobanwa mpaka megabaiti moja kwa dakika, ikatumwa WhatsApp, ikachezwa kwenye spika ya simu iliyowekwa ndani ya kikombe. CD ya kawaida inatumia zaidi ya megabaiti 10 kwa dakika hiyo hiyo. Ulichokitupa ni zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi, halafu unauliza utamu umekwenda wapi. Ni kosa lile lile la kopi ya kaseti, limevaa nguo mpya.

Kitu pekee kinachonitisha kwenye dijitali ni uhai wake. Rili ya mzee imekaa kwenye kopo la biskuti kwa miongo, ikakaushwa, ikaimba. Ila wapo vijana, siku hizi nao ni watu wazima wenye vitambi, wanaoniletea diski ngumu za kompyuta za mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za Bongo Fleva changa, na diski inagonga tak tak tak na haisomeki. Ikisomeka, faili la mradi limetengenezwa na programu iliyokufa, kwenye mfumo uliokufa, na plagini zilizokuwa za kuibia. Hakuna mashine ya matunda ya kuokoa hilo. Hivyo ukimaliza wimbo toa kila njia peke yake kama WAV, faili la sauti lisilobanwa, zote zianzie sekunde ile ile, weka nakala mahali pawili, na nakala moja iwe nje ya nyumba yako.

Basi, hayo ni ya kurekodi. Nikifika kwenye amplifaya nageuka mtu mwingine kabisa, na mke wangu anajua.

Amplifaya yangu ni Vox AC30, niliinunua kutoka hoteli moja iliyovunja bendi yake. Ina valvu nne za EL84, wati 30, spika mbili za inchi 12, na uzito wa kuhitaji watu wawili au mmoja mjinga. Ukifungua nyuma taa zikiwa zimezimwa unaziona zile valvu zinawaka rangi ya chungwa, na joto lake linakupiga usoni. Usiingize mkono. Mle ndani kuna zaidi ya volti 300, na kapasita zake zinaendelea kushika umeme hata ukishachomoa waya. Kuna mafundi waliorushwa na chombo wanachodhani kimezimwa.

Watu hudhani valvu ni kwa ajili ya kuchafua sauti, na muziki wetu wa dansi hauchafui, solo yetu ni safi, inalia juu. Sasa valvu ya nini? Kwenye AC30 kuna valvu nyingine, GZ34, kazi yake ni kugeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa kwenda tu. Valvu hiyo si mkarimu. Ukipiga nyuzi mbili kwa nguvu, zile EL84 zinaomba umeme mwingi kwa mpigo, GZ34 inashindwa kutoa wote papo hapo, volti zinashuka, noti inabonyea pale mwanzoni halafu inapanda tena yenyewe wakati wewe umeshatulia. Ni sehemu ndogo ya sekunde. Msikilizaji haijui. Lakini kidole kinaijua, na kwenye sebene, unaporudia kifungu kile kile dakika sita huku ukibadilisha uzito wa ukucha tu, kile kidogo ndicho kinachokupa cha kusema. Ukipiga taratibu inakujibu kwa upole, ukikaza nayo inakaza. Kizungusho cha sauti kwenye gitaa kinageuka kuwa sehemu ya wimbo.

Kinasa sauti nataka kisiwe na tabia. Amplifaya ya gitaa nataka iwe nayo, kwa sababu ile ni nusu ya ala. Gitaa la umeme bila amplifaya ni ubao wenye nyuzi, jirani hasikii. Hakuna "sauti halisi" ya gitaa la umeme inayopaswa kulindwa isichafuliwe. Sauti halisi ndiyo ile inayotoka kwenye koni ya spika. Ukilichomeka moja kwa moja kwenye miksa na kuliongezea makali linachoma masikio, kwa sababu zile za juu ambazo spika ya inchi 12 ingezimeza zimepita zote.

Vijana wana vifaa vya kuigiza amplifaya. Kampuni ya Line 6 ilitoa kifaa cha POD mwaka 1998, kampuni ya Kemper ikaja 2011 na mashine inayosikiliza amplifaya yako na kuinakili, na sasa kuna programu za bure zinazojifunza amplifaya kwenye kompyuta ya mapajani. Nizungumze ukweli: kwenye rekodi iliyokamilika, bendi nzima inapiga, mimi siwezi kukwambia ipi ni AC30 na ipi ni nakala yake. Wala sikubaliani na wanaolalamika kuwa vile vifaa vinachelewa. Milisekunde 3 ni muda ambao sauti inasafiri mita moja hewani. Ukisimama hatua mbili nyuma ya amplifaya yako umeshachelewa zaidi ya hapo, na hujawahi kulalamika.

Tatizo linaanza jukwaani. Kifaa cha kuigiza kinaingia kwenye miksa, na unachosikia ni kile ambacho fundi mitambo amekupa kwenye monita, na monita za baa zetu tunazijua: koni imeshonwa kwa gundi, twita imekufa tangu harusi ya mwaka juzi. Fundi akiamka vibaya, huna gitaa usiku mzima. Amplifaya iko nyuma yako, inasukuma hewa kwenye mgongo wa suruali, na nyuzi za gitaa zinaisikia nazo zinatetemeka kuijibu. Noti ndefu inasimama kwa sababu hiyo. Halafu kuna umeme. Umeme ukiyumba, AC30 yangu inalegea kidogo, inakuwa na usingizi, lakini inaendelea kupiga. Kifaa kimoja cha kuigiza, jina naliacha, kilijizima na kujiwasha upya katikati ya sebene ya rafiki yangu, kikachukua muda wote huo kuonesha nembo yake wakati wachezaji wamesimama wameshika viuno.

Sitaficha gharama. EL84 zinafanya kazi kwa joto kali na hazidumu, na viwanda vinavyotengeneza valvu duniani vimebaki vichache, kama vile vya China, Urusi, na kile cha JJ kule Slovakia ambacho ndicho ninachoagiza. Seti ya nne zilizolinganishwa, ukijumlisha usafiri na ushuru, ni pesa ya kufikiria. Hewa ya chumvi inakula soketi. Mgongo nao una miaka yake. Kijana anayeanza akiniuliza anunue nini, simwambii anunue valvu. Namwambia anunue amplifaya ndogo ya transista iliyo safi, apige nayo mpaka vidole vifunguke, haya mengine yatamkuta.

Mwezi ujao bendi yetu inarekodi. Nimeomba ukumbi mchana kabla baa haijafungua, wote tuwe kwenye chumba kimoja, tunatazamana. AC30 itakaa kwenye kona imegeuzwa ukutani, maiki moja mbele yake. Waimbaji watatu kwenye maiki mbili, watajuana wenyewe nani asogee. Saundi kadi ya njia nane, kompyuta ya mapajani, biti 24, sauti chini, na hakuna kurudia mtu mmoja mmoja. Mpiga besi wetu ameniambia yeye hataki amplifaya, anaingia moja kwa moja kwenye kompyuta. Nimemwambia sawa, besi yake ni safi hivyo hivyo, na mimi kubeba boksi jingine sitaki.